Tunahesabu bunduki, tunasahau miguu

Mei 2024, baada ya ukame wa miaka kadhaa bila meli mpya, kampuni ya Frontier Developments iliingiza Python Mk II katika Elite Dangerous, gemu yake ya kurusha meli za anga. Zikafuata Type-8, Mandalay, Cobra Mk V na nyingine, na nyingi zimepita mlango uleule: kwanza zinauzwa kwa Arx, sarafu ya gemu inayoweza kununuliwa kwa pesa halisi, kisha miezi michache baadaye zinapatikana kwa kredi ambazo kila rubani huzichuma akicheza. Tangu siku ile kelele ni moja. Upande mmoja unasema mizania ya meli, yaani usawa wa nguvu kati ya meli na meli, imevunjwa na pesa. Upande wa pili unatandaza jedwali la bunduki na ngao kuonyesha kwamba meli mpya hazijaziacha mbali zile za 2014, gemu ilipozinduliwa. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda, na naona pande zote mbili zinapima kwa mizani isiyo yake.

Ubora wa meli katika gemu za anga hauamuliwi kwanza na bunduki. Unaamuliwa na jibu la swali moja: pambano likikuelemea, unaweza kuondoka? Linafuata la pili: usipoweza, unapoteza nini? Bunduki ni swali la tatu, na mara nyingi huwa limeshajibiwa na yale mawili kabla risasi ya kwanza haijatoka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na sijui msemo mwingine unaoeleza vizuri zaidi jinsi meli nyepesi yenye silaha hafifu inavyoweza kuitesa meli nzito yenye mizinga ya kutisha. Mwoga ana hiari. Anakuja akitaka, anakwenda akitaka. Ndiyo maana sasisho linalogusa mwendokasi, uzito, umbali wa mruko (kuhama ghafla kutoka nyota moja hadi nyingine) au joto la injini hugeuza gemu kuliko lile linaloongeza asilimia tano kwenye nguvu ya mzinga, ingawa hilo la mzinga ndilo linalokesha watu wakibishana.

Chukua hizo meli za 2024. Pamoja na Python Mk II ilikuja injini mpya ya mruko, wachezaji huiita SCO. Ukiwa katika safari ya kasi kati ya sayari na sayari, unaiwasha na inakurusha kwa mwendo ambao zamani ungeusubiri dakika nyingi. Inalipwa kwa mafuta, kwa joto na kwa kuyumba. Meli ya zamani inaweza kufungwa injini hiyo, lakini ikiitumia hutetemeka, huchemka na kunywa mafuta kwa pupa. Meli mpya zimeundwa kwa ajili yake, kwa hiyo hutulia. Badiliko kubwa la 2024 liko hapo. Msafirishaji wa shehena sasa anakaa muda mfupi zaidi katika njia ambayo haramia humvizia. Anayefukuzwa ana mahali pa kuchomokea, na anayefukuza naye amepata miguu. Kituo kilichokuwa mbali kiasi cha kudharauliwa kimekuwa karibu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwenye jedwali la bunduki, kwa sababu jedwali lile halina safu ya kukiandika. Aliyenunua Python Mk II kwa pesa siku ya kwanza na kuringia mizinga yake alikuwa amenunua kitu bora kuliko alichokuwa akikiringia, na aliyemlaumu alikuwa akilaumu kitu kingine kabisa.

Kosa hili la kusoma si la leo. EVE Online, gemu nyingine ya meli za anga iliyofunguliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, ilishalipitia. Kufikia 2008 marubani wake walikuwa wamegundua kwamba cruiser nyepesi, meli ya kivita ya kimo cha kati, ikivikwa vifaa vya kuongeza mwendo inaweza kukata kilomita kadhaa kwa sekunde. Makombora ama hayakuifikia au yaliifikia yakiwa hayana nguvu. Kikosi cha meli za namna hiyo kilichagua nani wa kupigana naye, kikapigana kwa umbali kilioupenda, na mambo yakiharibika kikatoweka. Mwaka huohuo CCP ilifumua hesabu nzima ya mwendo. Kinachokumbukwa ni kwamba meli zilipunguzwa kasi, na ni kweli zilipunguzwa. Kilichobeba uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kifungu ambacho wengi walikiruka: kifaa cha masafa mafupi cha kuzuia mruko kilipewa uwezo wa kuizima injini ya msukumo ya meli iliyonaswa. Kuanzia hapo, aliyekubali kumkaribia adui alikubali pia kwamba anaweza kufungwa miguu. Kasi ilibaki kuwa silaha, ila sasa ilikuwa na rehani.

Ukitaka kujua kwa nini miguu ina thamani kiasi hicho, tazama jinsi EVE inavyokokotoa kama risasi imepata. Mzinga una uwezo wake wa kugeuka. Shabaha ina kasi ya kuzunguka na ina ukubwa wake kwenye rada. Meli ndogo ikilizunguka dubwana kwa karibu, mzinga mkubwa haugeuki kwa wakati, na ile nguvu ya kutisha iliyoandikwa kwenye maelezo ya mzinga inabaki maandishi. Mwendo ni ngao, na ni ngao isiyochoka. Wabunifu wanalijua hilo, kwa hiyo waliifanya injini ya msukumo ya EVE iikuze meli kwenye rada ya adui kwa asilimia 500: unakimbia, lakini unaonekana kama nyumba inayokimbia. Na anayedhani atafidia kwa kurundika vifaa vya kuongeza nguvu ya mashambulizi atakutana na adhabu ya mrundikano, ambapo kifaa cha pili cha aina ileile hutoa takribani asilimia 87 ya faida yake, cha tatu 57, cha nne 28. Gemu yenyewe imejengwa kumwambia kwamba kuongeza juu ya bunduki kuna ukomo wa haraka. 

Hiari hiyo ina uso wa pili, nao ni uwezo wa kufika. Kabla ya Novemba 2014, kikosi cha meli kuu za EVE, zile zinazogharimu miezi ya kazi, kiliweza kuvuka upande mmoja wa galaksi hadi mwingine kwa muda mfupi mno. Muungano mkubwa uliweza kulala upande huu na kuamka upande ule. Mdogo aliyeanzisha ugomvi na jirani yake wa kimo chake alijikuta akipigwa na jitu lililotoka mbali. Sasisho la Phoebe likapunguza umbali wa mruko wa nyingi ya meli hizo hadi miaka 5 ya nuru na kuweka uchovu: kadiri unavyoruka mfululizo ndivyo unavyolazimika kusubiri zaidi kabla ya mruko unaofuata. Titan, kubwa kuliko zote kati ya meli hizo, ilibaki na silaha yake ileile, na ngao ileile. Lakini thamani yake ilikuwa imebadilika, kwa kuwa sasa ilikuwa silaha ya mahali. Wapo waliolia kwamba CCP imeziua meli kuu. Nadhani iliziondolea kuwa kila mahali kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna mpinzani angeweza kulijibu kwa kununua mizinga zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu meli hata moja. Julai 2019 CCP iliizima orodha ya wenyeji katika maeneo yasiyo na sheria. Orodha hiyo ni dirisha la mazungumzo linaloonyesha kila rubani aliye katika mfumo wa nyota husika. Jina geni likitokea, mchimba madini anajua ana sekunde chache za kukimbilia bandarini. Kwa kuiondoa, kampuni haikugusa bunduki, ngao, kasi wala bei. Iligusa taarifa tu. Hata hivyo hilo lilikuwa badiliko kubwa la mizania kuliko masasisho mengi yenye kurasa za tarakimu, maana kila meli ya uchimbaji, kutoka ndogo hadi kubwa, ilikuwa imesimama juu ya dhana kwamba mwenye macho atapata muda wa kuondoka. Wachimbaji waliacha kutoka. Waliokuwa wakiwawinda wakafurahi wiki chache, halafu wakakosa wa kuwinda. Idadi ya watu mtandaoni ikashuka, na Septemba mwaka uleule orodha ikarudishwa. Wapo wanaolisimulia tukio hili kama hadithi ya wachezaji waoga. Mimi naliona kama jaribio la maabara lililotokea kwa bahati: waliondoa hiari ya kukataa pambano, wakaacha kila kitu kingine, na uwanja ukakauka.

Katika Star Citizen suala hili limeletwa waziwazi, na bado limepokewa vibaya. Gemu hiyo, inayochangiwa na umma tangu Oktoba 2012 na ambayo imekusanya zaidi ya dola milioni 700 ikiwa bado haijakamilika, ilipokea mfumo mpya wa urukaji katika toleo la 3.23 la Mei 2024. Rubani sasa ana hali mbili. Katika hali ya mapigano ana bunduki na ngao lakini kasi yake imebanwa. Katika hali ya safari ana kasi kubwa lakini ngao na bunduki vimezimwa, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunachukua muda. Upinzani ulikuwa mkali na una hoja nzuri. Wanasema mfumo wa zamani ulithamini ustadi: uliweza kutumia msukumo uliojijengea, ukazima injini, ukageuza pua na kufyatua ukiwa unarudi nyuma. Sasa, wanasema, mapambano ni ya watu wanaozungukana kama wamefungwa kamba kwenye nguzo. Nakubali sehemu kubwa ya hilo. Lakini tatizo ambalo wabunifu walikuwa wakilitibu lilikuwa la kweli pia: mwenye meli ya kasi alipita kwa mbio, akapiga, akatoka nje ya masafa, akaponya ngao, akarudi. Wa upande wa pili hakuwa na la kufanya ila kungoja. Suluhisho la kuweka bei juu ya kuondoka, ulipe kwa kuvua ngao kabla ya kukimbia, ni la busara kuliko kuongeza masafa ya mizinga ya kila mtu.

Kuna hoja nyingine inayoambatana na hiyo, nayo sina subira nayo: kwamba angani hakuna msuguano, kwa hiyo kikomo chochote cha kasi ni uongo. Gemu nyingi za aina hii zina uongo huo. Elite Dangerous ina kikomo cha kasi kwa kila meli, na zaidi ya hapo ina eneo la buluu kwenye kipimo cha kasi, katikati, ambapo meli hugeuka kwa wepesi kuliko inapokwenda mbio au polepole. Fizikia haijui kitu kama hicho. Kimewekwa ili rubani achague kati ya kukimbia na kugeuka. Anayetaka uhalisia kamili atapata mapambano ya nukta zinazopishana kwa umbali wa maelfu ya kilomita, na kompyuta ndiyo itakayokuwa ikipiga.

Sasa nije kwenye upinzani ulio na nguvu dhidi ya hoja yangu. Desemba 2012 EVE ilipunguza makombora mazito kwa tarakimu tupu, asilimia 25 ya masafa na asilimia 10 ya nguvu. Meli ya Drake, ambayo kwa miaka ilikuwa chaguo la kwanza la vikosi vya kila kimo, ilishuka kutoka kiti chake. Hapa hakuna aliyegusa miguu ya Drake. Tena ilikuwa meli ya polepole. Anayesema tarakimu za silaha zinatosha kuiangusha meli ana ushahidi mkononi, na siwezi kuupindua. Ninachoweza kusema ni kwamba angalia ni tarakimu ipi iliyokatwa zaidi. Masafa ni umbali, na umbali ni muda wa kuamua. Drake ilikuwa ikipiga kutoka mahali ambapo meli nyingi za kariba yake hazikuweza kujibu, ikiwa na ngao nene ya kusubiria. Ilipolazimika kusogea, ilibaki meli ya polepole iliyo karibu na adui.

Linganisha na Ishtar. Kati ya 2014 na 2015 cruiser hiyo ya kubeba droni ilitawala vita vya EVE kiasi kwamba watu waliitania gemu kwa jina la meli hiyo. Droni zake za ulinzi zikapunguzwa makali. Haikutosha. Zikapunguzwa tena. Ilichukua awamu kadhaa kabla vikosi havijaanza kutafuta meli nyingine, na sidhani ni siri kwa nini: Ishtar ilipiga kwa mbali, na ilikuwa na wepesi wa kuondoka ikiziacha droni nyuma kama mtu anayetupa mzigo ili akimbie vizuri. Ukikata nguvu ya silaha ya meli inayoweza kuondoka, unaipunguzia ushindi, huipi hasara. Itarudi kesho.

Hasara hiyo ndiyo lile swali la pili, na hapa gemu hizi zinatofautiana sana. Katika Elite Dangerous, meli ikilipuka unalipa asilimia 5 ya thamani yake na unaipata tena na vifaa vyake. Unachopoteza hasa ni shehena, data za utafiti ulizokuwa hujaziuza, na uvumilivu. Katika Star Citizen unadai bima na kusubiri. Katika EVE meli imekwenda, bima inarudisha sehemu ya bei ya gamba lake, na vifaa ulivyofunga vimegawanyika kati ya moto na mifuko ya aliyekuua. Kwa hiyo kiwango kilekile cha kunasika kina uzito tofauti katika kila moja. Mwaka 2021 mabadiliko ya uzalishaji katika EVE yalipopandisha gharama ya kujenga meli kuu, athari yake kwenye uwanja wa vita ilikuwa kubwa kama vile mtu angezipunguza nguvu: waliokuwa nazo walizidi kuzificha. Meli unayoogopa kuipoteza ni dhaifu, hata kama jedwali linasema vingine. Na miezi michache kabla ya hapo dunia nzima ya gemu hiyo ilikuwa imeona mfano wa kuogofya. Katika mfumo wa nyota wa M2-XFE, mwishoni mwa Desemba 2020, titan 257 ziliteketea katika pambano moja. Januari washambuliaji walipojaribu kurudi, seva ilielemewa, na titan nyingi zilizosalimika zikajikuta zimekwama katika mfumo huo, zikizingirwa na wenyeji waliokuwa wakisubiri kila rubani atakayethubutu kuingia. Meli zenye nguvu kuliko zote katika gemu zilikaa pale kwa wiki nyingi kama mateka. Hazikukosa bunduki.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, ni ile inayosema kila meli inayopunguzwa makali inapunguzwa ili nyingine iuzwe. Naielewa inakotoka. Lakini ingekuwa kweli, tungetarajia gemu isiyotegemea kuuza meli moja kwa moja iwe na upunguzaji mchache. EVE, ambako karibu meli zote hujengwa na wachezaji wenyewe na kuuzwa kwenye soko lao, imezipunguza na kuzipandisha meli kwa zaidi ya miaka ishirini bila kupumzika. Drake haikushushwa ili duka la CCP liuze mbadala wake. Kinachosukuma marekebisho hayo ni kwamba maelfu ya watu werevu wanatafuta usiku na mchana mchanganyiko mmoja ulio bora, wakiupata kila mtu anauiga, na meli mia tatu zilizobaki zinakuwa mapambo. Hata kama mbunifu angekuwa malaika, angelazimika kurudi na kisu chake.

Hata hivyo shaka hiyo ina mahali inapokaa kihalali, na ni pale meli inapouzwa kwa pesa halisi ikiwa na ahadi. Mwaka 2024 Corsair ya Star Citizen ilinyang'anywa bunduki mbili kubwa zilizokuwa mkononi mwa rubani, zikahamishiwa kwa msaidizi wake. Idadi ya bunduki kwenye meli haikubadilika. Kilichobadilika ni mikono inayohitajika, na kwa mtu anayecheza peke yake hilo ni sawa na kuziondoa. Kimchezo badiliko hilo lina mantiki: meli ya watu kadhaa haipaswi kumpa mtu mmoja nguvu yote. Kibiashara ni jambo jingine, kwa sababu aliyelipa alilipia kitu kilichoelezwa kwa namna fulani. Gemu hiyo humruhusu mchezaji kuibadilisha meli aliyoinunua kuwa salio la duka, na hiyo inapunguza maumivu, lakini salio halirudi mfukoni. Halafu Mei 2025 kampuni ikaweka sokoni vifaa vya kubadilisha mwenendo wa urukaji wa meli, kwa pesa halisi kwanza, kabla havijapatikana ndani ya gemu. Wachezaji wakachachamaa mpaka ikarudi nyuma. Ona walichokikataa safari hii: miguu iliyowekewa bei. Nadhani bila kusema waziwazi walikuwa wametambua kwamba mzinga wa kununuliwa unaudhi, lakini wepesi wa kununuliwa unaharibu.

Kuna kundi litakaloniambia yote haya ni mambo ya wanaopigana wenyewe kwa wenyewe. Wao hucheza dhidi ya kompyuta, mizania haiwahusu. Kwao nina mwaka 2016. Elite Dangerous ilipotoa sasisho la wahandisi mwishoni mwa Mei, meli zinazoendeshwa na kompyuta ziliongezwa akili. Ndani ya siku chache wasafirishaji wa kawaida walikuwa wakilipuliwa kwa silaha za ajabu, mizinga inayopiga mfululizo kwa nguvu isiyowezekana. Frontier ilikuja kueleza kwamba hitilafu ya mtandao ilikuwa ikichanganya sifa za silaha mbalimbali, na ikairekebisha. Lakini malalamiko ya siku zile hayakuwa ya silaha tu. Watu walilalamika kwamba wanavutwa nje ya safari yao, wanashindwa kukimbia, na wanakufa kabla injini haijawa tayari kuruka. Nami nilikuwa mmoja wa wenye mizigo katika gemu za namna hii, na nakiri kwamba baada ya kupoteza shehena mara mbili mfululizo sikuongeza bunduki hata moja. Nilipunguza mzigo ili meli iwe nyepesi. Rafiki yangu mmoja alifanya la haraka zaidi: kila alipoona anazidiwa alichomoa waya wa intaneti. Huo ni udanganyifu, ila kwa mchambuzi ni ushahidi mzuri. Mtu aliyenyimwa mlango ndani ya gemu ataukata ukutani.

Haya yakikubaliwa, namna ya kusoma sasisho inabidi igeuke. Mahali pa kuanzia ni uzito, kasi, muda wa kujiandaa kuruka, joto, mafuta, masafa ya vifaa vya kunasa, na gharama ya kujenga au kukomboa meli. Nguvu ya mzinga itazamwe baada ya hapo, na itazamwe kama jibu la yaliyotangulia. Mbunifu naye ana deni. Anapobana hiari ya kuondoka aseme hivyo kwa lugha ya wazi badala ya kuificha chini ya kichwa cha marekebisho madogo ya urukaji, kwa sababu hapo anabadilisha haki, wala si tarakimu. Na anapouza meli kwa pesa, mwenendo wake angani uhesabiwe kuwa sehemu ya bidhaa kuliko bunduki zake: ukibadilika kwa kiasi kikubwa, mnunuzi apewe pesa yake akitaka. Najua itaifanya kazi ya kusawazisha meli kuwa ghali. Pengine ndiyo sababu nzuri ya kutoziuza.

Mwaka 2025 Elite Dangerous ilifungua ukoloni wa mifumo mipya ya nyota, kazi inayokula shehena kwa maelfu ya tani, na baadaye mwaka huo ikaleta Panther Clipper Mk II, meli ya mizigo inayobeba zaidi ya tani elfu moja kwa safari. Ubishi ukarudi kwenye jedwali: tani ngapi, ngao gani, je, imeziua Type-9 na Cutter, meli kubwa za mizigo za awali? Wachache waliuliza inaondokaje ikivamiwa. Wala hawakuwa na haja, maana gemu hiyo humruhusu kila rubani kuchagua, kabla ya kuingia, kama ataruka katika galaksi ya wazi yenye wachezaji wengine au peke yake. Wasafirishaji wengi ninaowajua hubonyeza 'peke yangu'. Swali la kwanza la mizania ya meli hiyo hujibiwa pale, kwenye menyu, injini ikiwa bado baridi.